Sura ya Tano: Wanazika Wapi?

Saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Makambako hupenya koti ikafika mifupani. Pale njia panda, barabara ya Songea inapoachana na ile ya kwenda Mbeya, mama wauza chai huwa wamekwisha kuwasha majiko ya mkaa, na vijana wa kubeba mizigo wamejikunyata wakingoja mabasi. Asubuhi moja nilikuwa nimesimama hapo na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, Coaster moja ikapunguza mwendo na kuegesha pembeni. Haikuwa ya abiria. Nyuma ya kioo cha mbele palikuwa na picha ya mzee ndani ya fremu. Jeneza lilikuwa limelazwa katikati ya viti, miguuni pa watu, na juu yake msalaba wa mbao uliopakwa rangi nyeupe, wenye yale maneno mawili ninayoyasoma kila niendako katika nchi hii: KUZALIWA, na chini yake, KUFA.

Walikuwa wamesafiri usiku kucha kutoka Dar es Salaam. Wanawake watatu wakateremka kunyoosha miguu, khanga zimefungwa kiunoni juu ya masweta. Mama muuza chai akaacha jiko lake akawafuata.

"Poleni, mama zangu."

"Tumeshapoa."

"Mnazika wapi?"

"Uwemba."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu kamili. Hakuuliza marehemu ni nani, wala alikufa kwa maradhi gani. Akamimina chai vikombe vitatu, akakataa kupokea pesa, na gari likakata kushoto kuelekea Njombe.

Swali lile lilinikaa kichwani. Nimesoma mengi kuhusu mataifa na imani zao juu ya kifo: roho inakwenda wapi, inavuka mto gani, inahukumiwa na nani. Katika hayo watu wametofautiana tangu zamani na wataendelea kutofautiana. Lakini swali la mama yule wa Makambako nimelikuta kila mahali, kwa Waislamu na Wakristo, kwa walioabudu mababu na kwa wasioamini chochote. Mwili uko wapi, na nani yuko karibu nao? Naamini hapo ndipo wanadamu wanapokutana. Sihitaji kumpeleka msomaji Misri ya kale, ambako maiti ya mtu mkubwa ilishughulikiwa siku 70 kabla ya kuzikwa. Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma inapita hapa, ya Songea inaanzia hapa, na reli ya TAZARA ina stesheni hapa. Nitasimama hapa hapa nizifuate njia hizo moja baada ya nyingine.

*

Kwanza tuifuate ile Coaster. Kutoka Makambako hadi Njombe mjini ni karibu kilomita 60, na barabara inapanda na kushuka kati ya misitu ya paini na miwati, mashamba ya viazi, na miaka hii miparachichi kila kilima. Hii ni nchi ya Wabena. Ukisalimiwa "Kamwene" nawe unaitikia "Kamwene", na salamu hiyo hiyo ndiyo itakayokupokea msibani.

Kabla ya misheni, Wabena kama majirani zao Wahehe walimjua Mungu, Nguluvi, lakini shida za kila siku walizipeleka kwa waliokufa. Wazee wa ukoo walikwenda makaburini na pombe na unga, wakawaeleza marehemu wao kwa majina kwamba mvua imechelewa, au kwamba mtoto fulani haponi. Ilibidi basi kaburi lijulikane na liwe karibu. Utamtambikiaje mtu usiyejua amelala wapi? Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifika mwishoni mwa karne ya 19, Wabenediktini wakafuata, na leo Njombe ni makao ya Dayosisi ya Kusini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) na pia ya jimbo la Kikatoliki lililoanzishwa mwaka 1968. Tambiko limesukumwa pembeni, na mahali pengine limefichwa. Kaburi lenyewe halikuhama. Bado mtu anataka kulala kwao, penye babu na bibi, kwenye kilima kinachoonekana kutoka mlangoni.

Nataka nikae kidogo kwenye mazishi yenyewe, kwa sababu mengi yaliyoandikwa kuhusu kifo yameandikwa na watu waliotazama ibada wakasahau kazi. Msiba wa Njombe ni kazi. Asubuhi ya maziko vijana wa kijiji hukusanyika na majembe, sururu na machepe, wakachimba kwa zamu, wawili shimoni na wengine juu wakisubiri kupokea. Udongo wa juu ni mweusi na laini. Ukishuka unageuka mwekundu, unashika kwenye chepe, na kijana anayetoka shimoni anatoka amepakaa hadi magotini huku anafuka mvuke kwenye baridi ile. Hakuna anayelipwa. Kijana asiyeonekana kwenye makaburi ya wenzake anajulikana, na ataambiwa.

Wanawake wamefika tangu jana yake. Huyu kabeba kuni, yule ndoo ya maji, mwingine unga na maharage kwenye beseni. Moto umekokwa nyuma ya nyumba, na masufuria makubwa yameazimwa kanisani au kwa majirani. Wafiwa wenyewe hawapiki. Wamekaa chini ndani, kwenye mikeka na magodoro, na kila anayeingia huketi nao, aseme pole yake au anyamaze tu.

Mlangoni ameketi mtu na daftari. Huchaguliwa kwa mwandiko wake na zaidi kwa uaminifu wake, maana anaandika jina la kila aliyetoa rambirambi na kiasi alichotoa, iwe shilingi elfu moja au laki, debe la mahindi au kuku. Mgeni anaweza kudhani huo ni uchumi umeingilia majonzi. Mimi naliheshimu sana daftari lile. Familia hulihifadhi, na siku msiba ukiangukia nyumba nyingine hulifungua wakaangalia: hawa walikuja kwetu, walileta hiki, twende.

Kisha unasomwa wasifu wa marehemu. Alizaliwa lini, alibatizwa lini, alisoma wapi, alifunga ndoa na nani, ameacha watoto wangapi na wajukuu wangapi, aliugua nini, alifariki saa ngapi. Watu husikiliza kwa makini kuliko wanavyosikiliza mahubiri. Na baada ya wasifu huja jambo ambalo sijui kama lina mfano mahali pengi duniani. Msemaji wa familia anasimama mbele ya umati, jeneza bado liko juu ya ardhi, anatangaza: kama kuna mtu alikuwa anamdai marehemu, au alikuwa anadaiwa naye, asione haya, aje aonane na familia. Mtu asiteremshwe na madeni. Mwislamu wa pwani atalitambua tangazo hilo mara moja, kwa kuwa katika sheria yake pia deni la marehemu hulipwa kabla mirathi haijagawanywa.

Halafu jeneza hushushwa kwa kamba, mchungaji anadondosha udongo mara tatu, na wale vijana hushika machepe tena. Watu wanatupa udongo kwa mikono. Mashada yanaitwa kwa mafungu: watoto, wajukuu, majirani, kwaya. Na mwishoni kabisa msalaba ule mweupe uliosafiri kwenye Coaster unasimamishwa kichwani pa kaburi.

*

Makambako ina Waislamu pia, na msiba wao una mwendo mwingine. Aliyefariki alfajiri, ikiwezekana, anazikwa kabla jua halijatua. Ataoshwa, atavikwa sanda, ataswaliwa, na atalazwa kwa ubavu wa kulia akielekea kibla. Kwao jibu la "wanazika wapi?" mara nyingi ni "hapa hapa". Ardhi yote ni ya Mungu, na kumchelewesha maiti kwa kumsafirisha siku mbili barabarani si kumheshimu.

Tofauti hii imejificha ndani ya neno moja tunalolitumia sote. Pwani, jeneza ni kile kitanda cha kubebea maiti. Watu hupokezana mabega hadi makaburini, maiti anateremshwa na sanda yake, na jeneza linarudishwa msikitini kumngoja mwingine. Njombe, jeneza ni sanduku la paini au mninga linaloshuka na mwenyewe wala halirudi. Neno ni lile lile, mbao ni zile zile, lakini moja ni la jumuiya yote na jingine ni la mtu mmoja. Hata matanga tumeyapokea kutoka pwani. Tanga la mtepe, chombo cha baharini cha zamani, lilisukwa kwa miyaa kama mkeka, na kukaa matanga ni kulala chini kwenye mikeka. Mwanamke wa Makete ambaye hajawahi kuiona bahari anakaa matanga.

Na ni pwani hiyo hiyo iliyotupa kaburi la mtu la kale kuliko yote yanayojulikana barani Afrika. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi nchini Kenya, watafiti walifukua mifupa iliyolegea kiasi kwamba ilibidi waifunge kwa plasta na kuipeleka maabara pamoja na udongo wake. Ilikuwa ya mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021, na wakampa jina la Kiswahili: Mtoto. Alikuwa amelazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Namna mifupa ya mabega na mbavu ilivyokaa ilionyesha kwamba alikuwa amefungwa kwa kitu kilichombana, majani au ngozi. Na kichwa kilikuwa kimeinama kwa namna inayoonyesha kwamba kilipumzishwa juu ya kitu kilichooza baadaye.

Mto. Waliomzika walimwekea mto.

Hatujui waliamini nini. Hatujui kama walikuwa na mungu, au neno la kuita roho. Tunajua kwamba walichimba ndani ya pango walimoishi, si mbali nalo, na kwamba kabla ya kufukia kuna mtu aliinama akakiinua kichwa cha mtoto yule. Nikimwona mama wa Njombe akikunja khanga na kuisukuma taratibu chini ya kichwa cha marehemu ndani ya jeneza, namkumbuka huyo wa Kilifi.

*

Sasa turudi Makambako tushike barabara ya kaskazini, ya Iringa, ambako kuna kisa cha mwili uliogawanywa.

Chifu Mkwawa wa Wahehe aliwashinda Wajerumani Lugalo mwezi Agosti 1891. Ngome yake ya Kalenga ilianguka mwaka 1894, naye akaishi porini miaka minne, akiwindwa, huku kichwa chake kimetangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, walipomkaribia huko Mlambalasi, alijipiga risasi. Askari wa Kijerumani akakata kichwa. Kiwiliwili kilizikwa pale pale Mlambalasi, na kichwa kikapelekwa Ujerumani.

Wahehe hawakuacha kukidai. Dai lao lilifika hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliomaliza Vita vya Kwanza vya Dunia. Katikati ya mambo ya mipaka, majeshi na fidia za mabilioni, kifungu cha 246 kinaitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi sita. Haikulirudisha. Zaidi ya miaka 30 baadaye Gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, akachagua fuvu moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vya watu wa ukoo wa Mkwawa, na mwaka 1954 likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Wapo wataalamu wanaotilia shaka kama ndilo lenyewe. Limewekwa Kalenga ndani ya kabati la kioo, na watu wanakwenda, wanasimama mbele yake, wananyamaza.

Jambo jingine la Mlambalasi halitajwi sana. Jirani na kaburi la Mkwawa kuna pango, na ndani yake wanaakiolojia wamekuta mabaki ya watu waliolazwa hapo mwishoni mwa enzi ya barafu, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Mkwawa alikufa mahali ambapo watu walikuwa wakizikana tangu zama za mawe.

Barabara ya kusini nayo ina makaburi yake. Septemba 1905, vita ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani ilipopanda kutoka Ungoni, nchi ya Wangoni, wapiganaji waliishambulia misheni ya Yakobi karibu na Njombe, na Mbeyela, mtemi wa Wabena, alikuwa upande wao. Walishindwa. Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko risasi: Wajerumani walichoma ghala na mashamba, na njaa ikamaliza vijiji. Wajerumani wenyewe walihesabu watu 75,000 waliokufa katika vita ile yote. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni watu waliokufa vichakani na njiani bila mtu wa kuwachimbia.

Ukiifuata barabara hiyo hadi mwisho unafika Songea. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga watu 67 wakawatupa katika kaburi moja. Chifu Songea Mbano alizikwa peke yake, na ukoo wake unasema kichwa chake kilichukuliwa. Kila Februari watu hukusanyika penye makaburi hayo. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama hapo, akakutana na wajukuu, akaomba msamaha na kuahidi kwamba fuvu la chifu litatafutwa. Miezi miwili tu kabla ya hapo taasisi ya makumbusho ya Berlin ilikuwa imetangaza matokeo ya utafiti wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, mengi ya Rwanda, na karibu 200 ya Tanzania. Yalikuwa yamekaa kwenye maboksi zaidi ya miaka 100, yakiwa na namba. Machache yamelinganishwa na vinasaba vya watu walio hai na kupata jamaa zao, miongoni mwao Wachaga.

Kuna watu huuliza, kwa nini kuhangaikia mifupa wakati walio hai hawana dawa? Swali hilo haliulizwi na aliyewahi kukaa kwenye mkeka akingoja mwili ambao haujafika.

*

Magharibi, kupita milima ya Makete hadi Rungwe, nitapita haraka, ingawa panastahili kitabu chake. Godfrey na Monica Wilson waliishi kwa Wanyakyusa miaka ya 1930, na Godfrey akaandika juu ya mazishi waliyoyaona. Wanawake walilia kwa sauti kuu, wakikaa kumzunguka maiti. Vijana wa kiume walicheza ngoma ya vita na mikuki yao juu ya kaburi lililokwisha kufukiwa, jasho likiwatoka, na kabla ya jioni palikuwa na vicheko, uchumba na pengine ugomvi. Wamisionari walichukia. Mimi nadhani Wanyakyusa walikuwa wameuelewa mwili wa kijana kuliko walivyouelewa wamisionari: ukimpa huzuni bila kazi, itatafuta pa kutokea. Njombe wamempa chepe. Rungwe walimpa mkuki na ngoma.

Na reli. Kipande cha TAZARA kutoka Mlimba hadi Makambako ndicho kilichowatesa wajenzi kuliko vyote kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi, kwa mahandaki na madaraja yake kwenye miteremko inayopanda kutoka bonde la Kilombero. Wachina waliokufa katika ujenzi ule wa miaka ya 1970 hawakusafirishwa kwao. Zaidi ya 60 wamezikwa Gongo la Mboto, nje kidogo ya Dar es Salaam, kwenye mistari iliyonyooka, kila mmoja na jina lake kwenye jiwe. Kila Aprili, sikukuu ya Wachina ya kufagia makaburi inapofika, wenzao wanaoishi nchini huenda na maua, wakainama mbele ya mawe yale kwa niaba ya ndugu walioko ng'ambo ya bahari. Na huko Kaole, karibu na Bagamoyo, kuna makaburi ya nguzo ya Waswahili wa zamani ambayo yalipambwa kwa mabakuli ya kauri kutoka China. Karne nyingi kabla Wachina hawajazikwa katika pwani hii, vyombo vyao vilikwisha kuwekwa kwenye makaburi yetu.

Swali la mama wa Makambako liliwahi pia kufika mahakamani. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika kwenye shamba lao la Ngong. Ukoo wa Otieno wa Kijaluo, Umira Kager, ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, alikozaliwa. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Rufaa, Wakenya wakaifuata magazetini kila siku kama wanavyofuata mpira, na ukoo ukashinda. Alizikwa tarehe 23 Mei 1987. Mwili ulikuwa umekaa mochwari siku 154. Kila ninapokutana na Mbena aliyejenga Dar es Salaam, mwenye mke wa kabila jingine na watoto wasiojua Kibena, kesi hiyo hunijia. Wengi wao hawajasema neno kwa watoto wao kuhusu watakakozikwa. Wanadhani linajulikana.

*

Nimeliacha mwisho lililo zito.

Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, Ukimwi uliipiga nchi hii ya Makambako, Njombe na Makete kuliko karibu sehemu yoyote ya Tanzania. Barabara ile ile inayoleta watu na mizigo ndiyo iliyouleta. Utafiti wa kitaifa wa 2011-12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wazima wa Njombe wana virusi, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote. Ule wa 2022-23 ulikuta asilimia 12.7, na Njombe bado inaongoza, ingawa sehemu ya hesabu hiyo ni habari njema: wanaoishi na virusi sasa wanaishi, kwa sababu ya dawa zilizoanza kutolewa bure mwaka 2004.

Fikiria sasa mazishi niliyoyaeleza juu, na uyaweke katika kijiji ambacho wachimbaji wa kaburi ndio wanaokufa. Desturi inasema siku ya maziko hakuna anayelima. Wakizika mara mbili kwa wiki, nani atapalilia? Vijana wa kupokezana chepe walipungua, wakaingia wazee. Mama wa kubeba kuni alikuwa yeye mwenyewe mgonjwa. Jeneza linataka mbao, mbao zinataka pesa, na pesa ya nyumba ilikwisha kwa matibabu. Vijiji vilikaa na kupunguza. Matanga yaliyochukua wiki yakawa siku tatu, ya siku tatu yakawa moja, na watu wakaruhusiwa kwenda shambani asubuhi kabla ya maziko ya mchana. Bibi aliyewazika watoto wake wote alirudi nyumbani na wajukuu watano kabla udongo haujakauka kwenye miguu yake.

Wakati ule, mtu angetegemea kwamba kuzikana kungevunjika. Watu walikuwa na kila sababu: hofu ya ugonjwa, aibu, uchovu, njaa. Kwingine duniani wakati wa tauni watu walitupwa mashimoni kwa mikokoteni. Hapa walipunguza siku, walipunguza chakula, walipunguza hotuba, na wasifu ulisoma "aliugua kwa muda mrefu" pasipo kutaja zaidi. Lakini kila mmoja alichimbiwa kaburi lake, akafukiwa kwa mikono ya watu wanaomjua, akasimamishiwa msalaba. Mimi sijui jambo kubwa zaidi lililowahi kufanywa na watu wa mkoa huu, na hakuna mnara wowote uliojengwa kulikumbuka.

Misalaba yenyewe ilikuwa ya paini. Paini isiyotiwa dawa haidumu ikichomekwa kwenye udongo wenye unyevu. Mvua za Njombe ni nyingi, mchwa wapo, na rangi nyeupe hubanduka mapema na kuondoka na herufi. Leo wenye uwezo wanajengea makaburi ya wazazi wao kwa saruji na marumaru. Kando yake kuna vilima vidogo vya udongo vilivyoota nyasi, kimoja, kingine, kingine. Wajukuu watano wa bibi yule sasa ni watu wazima. Wengine wako Dar es Salaam, wengine Makambako madukani. Anayejua ni kilima kipi ni cha mama yao na kipi cha mama yao mdogo ni bibi peke yake, naye ana zaidi ya miaka 80.

Kila Desemba mabasi hushuka Makambako yamejaa watu wa Njombe wanaorudi kwao kwa Krismasi. Wewe unayesoma hapa, kama ni mmoja wao, nakuomba jambo moja. Chagua asubuhi isiyo na mvua, mshike bibi yako mkono mwende naye makaburini taratibu, na daftari. Mwache akuonyeshe kilima kimoja kimoja, nawe andika jina, alikuwa nani kwako, na mwaka kama anaukumbuka. Kisha weka jiwe. Usingoje upate pesa ya marumaru.